Sauti ya Mjukuu Wangu Kikosini

Mwaka ule tulichemsha kila kitu. Mafuta ya kupikia yalipanda bei mpaka chupa ikawa ya kufungiwa kabatini pamoja na sahani za wageni, na Jinja nzima tukarudi kwenye maji: muhogo wa kuchemsha, mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, wa kuchemsha, mayai ya kuchemsha. Hata nyanya na kitunguu tulivitokosa pamoja, tukaviita mchuzi. Chapati za barabarani zilikonda, ukiinua moja unamwona mwenye duka upande wa pili. Mimi huuza kabalagala, vile vichapati vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, na kabalagala bila mafuta mengi ni uji uliokasirika. Nikafunika karai langu. Nikakaa nyumbani mchana kutwa, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya tangu niolewe, na ndiyo maana nikasikia.

Nilisikia mwanamume akimtukana mjukuu wangu ndani ya nyumba yangu.

Nikachukua mwiko. Naapa, nilichukua ule mwiko mkubwa wa kusongea posho. Nikapiga teke mlango wa chumba nikaingia. Mwanamume hakuwamo. Alikuwamo mjukuu wangu peke yake, amekaa kitandani, miguu ameikunja, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayekunywa bakuli la chai, na lile domo lilikuwa linatoka humo kwenye simu.

"Malaya wewe! Nani amekupa bunduki? Rudi jikoni!"

"Toka, Jaja, nitakufa!" mjukuu wangu akanipigia kelele.

"Nani anakuua?"

"Yule mwenye kofia nyekundu, nyuma ya nyumba!"

Nikachungulia dirishani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kuku.

Basi, baadaye alinieleza. Ni mchezo. Mnaruka kwa parachuti, mnaanguka kisiwani, watu wanne kikosi kimoja, na vikosi vingine viko humo humo vinawatafuta. Atakayebaki hai mwisho ndiye mshindi. Watu wenyewe ni wa kweli: mmoja yuko Mombasa, mwingine Kampala, mwingine yuko Buwenge kwenye kibanda cha kuchajia simu. Mnaongea, mnasikilizana, hata na wa vikosi vingine. Mjukuu wangu anasuka nywele asubuhi, mchana anacheza, na watu wanasema ni hodari. Wakisikia tu sauti ya kike, ndipo shida inapoanza. Wanamwuliza anapikia nani. Wanamwomba mambo ambayo sitayaandika. Wakiona jina lake, ambalo ni la ukoo wa babu yake wa kaskazini, wanamwambia arudi kwao akachunge mbuzi. Mtoto amezaliwa Jinja! Mbuzi anamjua akiwa nyama.

"Na wewe unawajibu nini?"

"Najifanya sielewi, Jaja. Kiswahili chenyewe naelewa nusu."

Hapo lazima niseme kitu juu ya Kiswahili. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari jeshi, mume wangu alikuwa askari magereza, na shuleni niliishia darasa la tatu, lakini Kiswahili nilikinyonya. Watu wa hapa hawakipendi. Kuna wazee ukiwaamkia kwa Kiswahili wanatafuta mlango uko wapi. Binti yangu mwenyewe, mama wa huyu mtoto, alinikataza kumfundisha. Alisema, "Mama, hiyo ni lugha ya wanajeshi kugongea watu milango usiku." Sikumpinga. Aliyoyasema aliyasikia kwa majirani, na majirani hawakuyaota.

Sasa siku moja lile domo likaanza tena, nami nikamnyang'anya mtoto simu.

"Wewe! Mama yako alikuzaa au alikutapika? Hii ni nyumba ya afande! Sema jina lako, sema la baba yako, sema kwenu ni wapi!"

Nikaona nimeshinda. Kisha kijana mmoja, Mkenya kwa lafudhi, akasema polepole, "Wah! Shosho ameingia gemu." Shosho kwao ni bibi. Wakacheka, jamani. Walicheka mpaka mmoja akakohoa. "Shikamoo, shosho! Shosho, shika bunduki!"

Kesho yake matusi yakawa maradufu, na sasa mjukuu wangu akawa anaitwa Shosho. Halafu wakakaa pamoja, wakamshitaki kwa wenye mchezo kwamba yeye ndiye anayetukana. Wenye mchezo wakamfungia nje karibu wiki. Yeye! Aliyetukana nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa na haki!

Mtoto hakulia. Aliniangalia tu, akasema, "Jaja, usinitetee. Ukinitetea wananiona mtoto."

Nilinuna siku hiyo. Nilinuna vizuri. Lakini ukiwa huna cha kukaanga, kununa nako kunachosha, nikaenda kumwuliza, "Wewe humo ndani ya mchezo, kazi yako ni nini hasa?"

"Mimi ndiye ninayeita."

"Unaita nani?"

"Naita kikosi. Naangalia ramani, nawaambia adui yuko wapi, waende wapi, wasimame lini. Wenzangu wanapiga. Mimi naita."

Eh! Nilisimama. Nimekulia karibu na uwanja wa gwaride. Najua mtu anayeita ni nani. Sajenti asipoita, askari wote mia ni watu waliosimama juani tu.

"Ita nisikie," nikamwambia.

Akaita. Yesu wangu. Alianza kwa Kiingereza kirefu kama mhubiri wa Jumapili, akaingia Kisoga, akarudi kwenye Kiingereza kuomba msamaha. Na katika wenzake watatu wa kila siku, mmoja ni kijana wa Busiu, Mgisu, mwingine ni mtoto wa askari magereza kutoka Lira, na Msoga ni mmoja tu. Kabla sentensi haijafika mwisho, wote wameshakufa.

"Mama yako atanisamehe," nikasema. "Simama. Miguu pamoja."

Tulianzia uani, kati ya kamba za nguo. Nikamwambia amri haitoki puani, inatoka tumboni, kule unakoshika ukicheka. Nikampa maneno mafupi: Lala. Ruka. Rudi. Geuka. Ngoja. Piga. Hakuna neno la kutafuna, kila moja unalitema mara moja. Nikaita "Nyuma geuka!" na mwenye boda aliyekuwa akipita akageuka kweli. Tulicheka hadi tukakaa chini. Kisha nikamfundisha ugumu wenyewe, nao ni kungoja. Anayeita vibaya anaita kila kitu. Anayeita vizuri ananyamaza, ananyamaza, halafu anasema neno moja.

Wenzake wakalipenda jambo hilo. Watoto wa lugha tatu wakawa na lugha moja ya kufia. Nao wakaacha kufa! Nilikuwa nikikaa mlangoni na bakuli langu la mukene, namsikia: "Ngoja. Ngoja. Kushoto. Piga!" na huko kwenye simu vijana wanashangilia, nami bakuli linamwagika. Majirani walianza kuja. Mama mmoja wa kanisani kwangu alikuja kuniambia kwamba mtoto anafunzwa uaskari, akabaki mpaka jioni kuona nani atashinda.

Lakini matusi hayakuisha. Kushinda kuliyaongeza. Ndipo yule kijana wa Busiu, mtoto mwenye heshima, akaleta wazo. Kuna programu, alisema, inayogeuza sauti ya kike iwe ya kiume. Mjukuu wangu akaiweka. Akasikika kama ng'ombe mwenye mafua. Akaita vilevile, kwa maneno yaleyale, kwa vidole vilevile, na jina akaweka la kiume. Mchana kutwa hakuna aliyemtukana. Hata mmoja! Wageni walimwambia, "Bro, unaita vizuri sana. Bro, njoo kikosi chetu."

Hilo liliniuma kuliko matusi. Matusi unaweza kusema huyu ni mlevi, huyu hakulelewa. Lakini zile sifa zilionyesha kwamba walikuwa wanasikia vizuri siku zote. Mjukuu wangu akaifuta ile programu, akarudisha jina lake, lote, mpaka la babu.

Likaja shindano la Mbale. Kikosi kitakachoshinda kingekwenda Kampala kucheza kwa niaba ya mashariki yote. Nikasema naenda. Nani angenizuia, karai? Tulilala Nakaloke, karibu na hapo, kwa mdogo wangu, akatupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwenye mchuzi wa karanga, na asubuhi mtoto hakula hata kijiko. Mimi nilikula sahani yake na yangu. Mtu mmoja lazima awe na nguvu.

Ukumbi ulikuwa juu ya maduka, ghorofani. Viti vya plastiki, kitambaa kikubwa cheupe ukutani cha kuonyesha mchezo, spika kubwa kama za harusi. Kila anayeita alipewa maiki, ili watu wasikie. Wote wavulana, mjukuu wangu peke yake msichana. Nilivaa gomesi yangu ya kijani, nikakaa mstari wa mbele, mkoba mapajani.

Tukapanda, tukapanda, mpaka fainali. Raundi tatu. Upande wa pili anayeita alikuwa kijana amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Raundi ya kwanza watoto wangu walishinda, nikapiga kigelegele, mwenye spika akaniangalia. Raundi ya pili yule wa miwani akaacha kuita kikosi chake, akaanza kumwita mjukuu wangu.

"Huyu wa kaskazini nani kamleta? Dada, chungu kinaungua! Dada, mkimaliza njoo unioshee viatu."

Halafu akasema lile lingine, la mwili wake, kwenye spika, na mimi bibi yake nimekaa pale. Watu wakacheka. Si wote, lakini kicheko cha wachache kinajaza chumba. Mtoto akachelewa kuita mara moja tu. Raundi ya pili ikaenda.

Mjukuu wangu akainua mkono. Kanuni zilikuwa zimebandikwa mlangoni, hata mimi wa darasa la tatu nilizisoma: anayetukana anatolewa. Mwenye shindano akaja, mwanamume mpole, shati limepigwa pasi. Akainama kati yake na yule wa miwani kama padri.

"Binti yangu, tusiharibu siku ya watu. Raundi imebaki moja. Wewe zima maiki yako tu. Asipokusikia, hatakuwa na sababu ya kukutukana."

Mwaona? Azime maiki! Mtu ambaye kazi yake ni kuita! Ni kama kumwambia kipa ukae golini ila mikono uiache nyumbani. Damu ilinipanda. Nilishasimama, mkoba umeshaanguka, neno liko mdomoni tayari, na ni neno baya. Ndipo nikakumbuka, usinitetee. Nikakaa. Nimezaa watoto sita, na kule kukaa kuliniuma zaidi.

Mjukuu wangu alimtazama yule bwana. Akasema kwa Kiswahili, kile cha uani kwangu:

"Sizimi maiki. Yeye ndiye azime mdomo."

"Unajua mkikataa nitawatoa nyinyi?" akasema yule bwana, bado kwa upole, upole wa kuudhi. "Kampala mmeikosa. Fikiria na wenzako."

Mjukuu wangu akawageukia wenzake. Kijana wa Busiu alilaza simu yake mezani, kioo chini, maana yake bila yeye hachezi. Wa Lira naye. Na yule Msoga, ambaye kwao walikuwa wameshachinja kuku kwa ajili ya ushindi, naye akalaza yake.

"Mwoneni jenerali wa jikoni," akasema yule wa miwani. Safari hii hakucheka mtu.

Majirani wakinijia kusikia habari hii, hapa huruka mbele, huuliza Kampala mlifika? Nawajibu haraka niwaondoe njiani. Raundi ya mwisho ilichezwa, maiki ya mjukuu wangu ikiwa wazi, yule wa miwani ametolewa kitini, kama kanuni ya mlangoni ilivyosema, na kuwekwa mwingine, na Kampala tulifika. Ya Kampala ni ya Kampala. Mimi hilo silo linaloniamsha asubuhi nikicheka peke yangu.

Ni hapa, kabla ya raundi hiyo. Yule bwana alikuwa amechanganyikiwa. Aliona watu wanamtazama, akadhani mtoto wa kike akiulizwa mbele ya umati atalegea. Basi akachukua maiki kubwa, ile ya spika za harusi, akasema, "Binti, nakuuliza mara ya mwisho, mbele ya watu wote hawa. Unasemaje?" Na akampa ile maiki mkononi.

Alimpa yeye mwenyewe! Nilishika kiti. Mjukuu wangu akasimama, akangoja mpaka ukumbi ukanyamaza, akangoja tena kidogo, na sauti ikatoka ikapita madirishani, mpaka wauza ndizi kule chini barabarani wakainua vichwa:

"Sizimi maiki. Yeye ndiye azime mdomo."