Augusto Alivyorudisha Madaraka, na Ndugu Yangu Alivyorudisha Funguo

Niliondoka nyumbani Mwabungo Jumamosi asubuhi kwa sababu ndugu yangu Athumani alikuwa amenipigia simu kuniambia anaacha uenyekiti wa wavuvi kijijini kwetu, na habari hiyo njema ilininyima usingizi. Msinicheke. Mtu akikwambia anaacha cheo kwa hiari yake, halafu akaongeza, "Lakini dada, watu wakinilazimisha nibaki nitafanyaje?", hapo pana jambo.

Mimi ni mwalimu wa historia. Sikukuu ya Idi iliyopita Athumani alinikalisha barazani akataka nimsimulie habari za Augusto, mtawala wa Roma ya kale, na jinsi alivyopanda hadi juu. Nilifurahi mno, maana kwetu hakuna anayejali masomo yangu. Kuna kipande kimoja alinirejesha tena na tena. "Hebu rudia pale alipowaambia amechoka." Nami nikarudia, tena kwa madaha.

Pale barabarani Mwabungo nilimkuta Kioko, mtu wa bara anayenipeleka shuleni kwa bodaboda. Nikamwambia leo tunapita Gazi.

"Mwalimu, mbona uso umekunjamana? Kuna matanga?"

"Hakuna matanga. Kuna mkutano."

"Aah, heri matanga basi."

Tulipoipita Kinondo, Kioko alinitaka nimwambie kinachonisumbua. Nikaanza na Roma, nikipiga kelele kuushinda upepo. Augusto, nilimwambia, hakuzaliwa mtawala. Alikuwa kijana akiitwa Oktavio. Kaisari, mjomba wa mama yake, aliuawa na wakubwa wa baraza la Roma waliohofia atajifanya mfalme. Wosia ulipofunguliwa, kijana akakuta amefanywa mwana wa marehemu. Hajatimiza hata miaka ishirini! Akajiita Kaisari, na kwa jina hilo askari wa marehemu wakamfuata. Athumani naye alishika uenyekiti mjomba wetu alipofariki, kwa muda tu, mpaka uchaguzi. Watu walisema ni damu ya marehemu, aachiwe. Uchaguzi hatujauona.

"Oktavio akaungana na majemadari wawili, Antonio na Lepido," nikaendelea, "wakawaua wapinzani wao. Kisha akamweka Lepido kando. Kisha akampiga Antonio vitani baharini."

"Amebaki peke yake. Si ajitangaze mfalme yaishe?"

"Warumi walilichukia neno mfalme kama nini! Basi akaenda barazani, akasema kazi imekwisha, nawarudishia madaraka yenu. Wakubwa wakamsihi abaki. Wengine walijua mchezo, wengine waliogopa. Akakubali shingo upande, akaachiwa majimbo yenye karibu majeshi yote, na jina la heshima juu yake, Augusto. Mwezi wa Agosti ni jina lake."

Kioko alipunguza mwendo. "Huyo msee alikuwa mjanja. Na ndugu yako anaijua hii stori?"

"Mimi ndiye niliyemsimulia."

Akaongeza mwendo tena, tukaipita njiapanda ya Gazi.

Kijijini niliteremkia kwa shangazi yetu, Bi Mwanakombo, aliyetulea mimi na Athumani mama alipotutoka. Yeye ni mama karanga. Hununua samaki diko, pale wavuvi wanaposhukia, hukaanga, huuza. Siku hiyo karai lake lilikuwa limeegemezwa ukutani, kavu. Tangu alipouliza mbele za watu uchaguzi ni lini, kila akienda chumba cha barafu cha wavuvi huambiwa barafu imekwisha. Funguo za chumba hicho anazo mwenyekiti, na samaki bila barafu, kwa jua letu hili, hawangojani na mtu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumuaga nduguyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Haya. Vijana washapewa la kusema tangu jana." Akaketi, akakunja leso mapajani. "Akijibakiza mwenyewe nina la kulalamika. Akibaki kwa kuombwa, nitamlalamikia nani? Wataniambia mlimtaka wenyewe." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nami nikaogopa, maana shangazi si mtu wa machozi.

Baada ya sala ya adhuhuri tulikusanyika nje ya chumba cha barafu. Athumani alisimama na kanzu yake nyeupe, kapendeza. "Ndugu zangu, nimechoka," akasema. "Amana yenu hii hapa." Akaziweka funguo mezani taratibu. Yalaiti angeishia hapo nikamkumbatie! Lakini vijana walikuwa wamekwisha kupaza sauti, "Hatukubali! Hatukubali!" Mzee Omari, katibu wetu, akasema wazee nao wanamsihi mwenyekiti aendelee. Athumani akafunika uso kwa viganja. Palepale nikajua anangoja kuombwa mara ya pili.

Nilisimama.

"Assalaam alaykum. Ndugu yangu amesema amechoka. Mimi namwamini." Nikawageukia wazee. "Kwetu mtu akirudisha amana haambiwi akae nayo. Hupokelewa, akaambiwa ahsante, akaombewa dua. Athumani, ahsante. Mungu akulipe."

Nikaenda mezani, nikazichukua funguo, nikamkabidhi Mzee Omari azishike hadi uchaguzi. Kisha nikainua mikono. Mwalimu wa madrasa, sijui kwa mazoea au kwa makusudi, akaanza kuomba dua, na watu wote wakaitikia amin. Athumani naye akaitikia. Angefanya nini?

Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, "Dada, umeniaibisha." Ilinichoma. Huyu nilimbeba mgongoni.

Safari ya kurudi sikuona kitu njiani. Huko Roma, nilikuwa nikiwaza, baraza zima lilikaa, watu wenye elimu na mali, na hakuna aliyemwambia yule bwana ahsante, lete. Labda ilikuwa shida kusema hivyo mbele ya mtu mwenye majeshi. Mimi nilimwambia mdogo wangu tu, na bado nilitetemeka.

Wiki nzima Athumani hakunipigia simu. Shangazi alipata barafu siku chache, akanipigia akicheka. Kisha akanyamaza naye.

Jana simu ikalia. Alikuwa Athumani.

"Dada, nimekwenda kuchukua barafu, naambiwa imekwisha. Nimemuuliza Mzee Omari uchaguzi ni lini, anasema una haraka gani." Akavuta pumzi. "Keshokutwa kuna mkutano. Mzee anasema amechoka."

Nikakaa kitandani.

"Usije wewe," akasema. "Safari hii nitasimama mimi. Niambie tu nianze vipi."

"Anza na ahsante," nikamwambia.