Karani wa Faksi na Salamu Zake

Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie Bariadi, duka la kupiga chapa limepata faksi, na faksi imepata karani. Huyo karani huifuta mashine kwa leso ambayo pua yake haijawahi kuionja, na hueleza maneno ya faksi kabla hajaulizwa: "Toni ni simu kusema abee. Ripoti ni kiapo." Wilhelmina, aliyetoka Kasoli alfajiri na fomu ya binti yake ya chuo cha uuguzi Mwanza, mwisho wa kupokelewa saa sita mchana, alitaka iende tu. Mashine ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. "Zinasalimiana, mayo," karani akamtuliza mama huyo. "Yetu inasema mwangaluka, ya Mwanza inaitikia."

"Mbona maandishi umeyaelekeza juu?"

"Yapate mwanga." Akaichana ripoti kwa vidole viwili, kidole cha mwisho kikiwa hewani, akaisoma kama anayetangaza ndoa kanisani: "Oo-kei. Imefika."

Saa sita kasoro robo faksi ikatema jibu la chuo: *Tumepokea karatasi tupu. Tuma tena haraka.* Karani akalisoma mara mbili, akakohoa, akaifuta mashine isiyo na vumbi. Kisha akailaza fomu kifudifudi, taratibu, kama mtoto anayesinzia. Zikabaki dakika tatu chuo kilipojibu: *Imesomeka.*

Wilhelmina akashusha pumzi. "Na ile ya kwanza ilikuwa nini, baba?"

"Salamu, mayo. Hii ya pili ndiyo iliyopeleka shida yenyewe."