Sanduku la Mjerumani

"Sihami," alisema Auleria, akanyoosha miguu juu ya rundo la mawe. "Ukitaka kuchimba, anza na mimi."

Luhende alisimama kando, sururu begani, amempa mgongo. Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hamgusi, na tangu amwoe Joyness hajauvunja mwiko huo. Basi akaisemesha mihogo.

"Nyie mihogo, mwambieni mama, ni yeye mwenyewe aliyesimulia kando ya moto kwamba Mjerumani amelala hapa na sanduku lake."

"Mihogo, mjibuni. Maiti huzikwa kwenye nini, kwenye kikapu? Mjerumani ni baba mkwe wangu, Nshoma. Aliitwa hivyo kwa ukali wake. Watu wakija kumlimia walisema wanakwenda Ujerumani."

Ndilo jina la kilima hata leo. Hapa Runazi, Ujerumani ni kichuguu kilichonenepa tu: mahindi chini, mihogo juu, na kaburi lisilo na msalaba.

"Mama alisema pia kwamba huyo Mjerumani alipanda kiboko mpaka Mwanza."

"Na alipanda kweli."

Neno lilimponyoka Auleria. Akauma ulimi. Miaka yote uongo wake uligombaniwa kama nyama ya sikukuu. Leo kashika ukweli, hakuna hata wa kuuonja.

"Basi na rupia za kale za Wajerumani zimo sandukuni," Luhende aliiambia mihogo. "Rafiki yangu Bigirimana yuko njiani na mashine ya kupimia madini. Yeye hajaoa kwenu. Atamshika mama mkono, amtoe."

Kweli, Bigirimana si mkwe wa mtu. Na mzee Nshoma, aliyemwachia kilima akilinde, angefukuliwa mchana kweupe, mifupa itupwe kwenye mahindi. Auleria akalikumbatia jiwe. Ndipo akamkumbuka Tecla, kitinda mimba wake, na soda aliyonunuliwa na Bigirimana juzi nyuma ya duka, wakidhani kikongwe haoni.

Vishindo vilipanda. Bigirimana akatokeza, jasho usoni, akayajia mawe moja kwa moja, mkono mmoja tayari umenyooshwa.

"Shikamoo, mama. Naomba unipishe."

"Marahaba, mkwe wangu," alisema Auleria kwa upole. "Tecla ameniambia yote."

Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka. Bigirimana akarudi nyuma, akageuka polepole, akaitazama mihogo.