Kipande cha Tatu

Noyemzar aliolewa katika kijiji chetu, kilicho kilimani juu ya Ziwa Sevan, akiwa binti mbichi, na tangu siku hiyo mama mkwe wake, Bibi Satenik, hakuacha kumwita bibi-arusi, hata mvi zilipokwisha kumwingia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyobabuka kwa moto, maana ndiye aliyetuokea mikate myembamba katika tanuri la udongo lililochimbwa ardhini nyuma ya nyumba yao. Mumewe, Tatevos, kama wanaume wengi wa kwetu, alikwenda Urusi kila theluji ilipoyeyuka, akafanya kazi ya ujenzi, na kurejea theluji ilipoanza tena. Mwaka mmoja theluji ilianza, naye hakurejea. Alipiga simu mara moja kutoka Samara, mji wa huko Urusi, akauliza habari za ng'ombe, kisha kimya. Wanaume waliotoka huko walileta maneno yasiyolingana: mmoja alisema Tatevos ameanguka kutoka juu ya jengo, mwingine alisema amemwona sokoni, amenenepa, ameshikana mkono na mwanamke.

Miaka ikapita hivyo. Kila Jumapili Noyemzar alipanda kanisani peke yake, kwa kuwa miguu ya Bibi Satenik ilikwisha kukataa kilima na macho yake yalikuwa yakififia. Ibada ilipokwisha, Knarik, mke wa kiongozi wa kwaya yetu, alisimama mlangoni na bakuli la mkate uliobarikiwa, ule usiotiwa chachu ambao watu huwapelekea wa nyumbani walioshindwa kuja. Alimuuliza kila mtu ni wangapi nyumbani mwake. Noyemzar alijibu siku zote, "Watatu," akafunga vipande vitatu katika kitambaa. Kile cha tatu kilikaa mezani mpaka jioni, kisha Bibi Satenik akakila kwa niaba ya mwanawe, akisema si vizuri kitu kilichobarikiwa kiliwe na panya.

Katika Pasaka ninayoisimulia tulikuwa na padri mpya, Padri Hovakim, kijana mwenye ndevu nyeusi aliyeletwa kwetu wakati wa Kwaresima na ambaye bado hakujua nani ni nani. Asubuhi ile pazia la madhabahu, lililofungwa Kwaresima nzima, lilifunguliwa, na sisi wa kwaya tukaimba mpaka koo zikakauka. Watu wakaambiana, "Kristo amefufuka katika wafu," wakajibiana, "Umebarikiwa ufufuko wa Kristo." Nyumbani kwa Noyemzar palikuwa na wali wenye zabibu kavu, samaki wa ziwani, na mayai matatu mekundu aliyoyapika kwa maganda ya vitunguu, moja kwa kila mtu wa nyumba.

Siku inayofuata Pasaka huwa ni ya wafu wetu. Bibi Satenik alibebwa kwenye gari la Garnik, jirani yao, mpaka makaburini, akaketishwa karibu na jiwe la mumewe. Padri alipita kutoka kaburi hadi kaburi na chetezo chake, na kila familia ikamnong'oneza majina ya marehemu wao. Alipofika kwao, Bibi Satenik alimvuta joho, akamnong'oneza. Padri akasali kwa sauti, akamtaja mzee wa nyumba, kisha akamtaja Tatevos.

Noyemzar alikuwa ameinama akiwasha ubani juu ya jiwe. Akainuka.

"Baba," alisema, "huyo wa pili mtoe."

Padri alisimama, chetezo kikining'inia. Akauliza amtoe vipi, na kutoka wapi. Hakuna aliyejua. Jina lilikuwa limekwisha kusomwa, moshi umekwisha kupanda, wala sala ya kumrudisha mtu haikuwamo kitabuni. Watu wa makaburi ya jirani waliacha vikombe walivyokuwa wakinywea kwa kuwakumbuka wafu wao, wakaja kushauri. Mmoja alisema sala haimdhuru aliye hai. Mwingine alisema inamdhuru, shangazi yake ilimdhuru.

Garnik akasema, "Kama yu hai huko Samara, basi saa hizi ameangukia usingizi mzito juu ya matofali, na msimamizi anamtukana. Tumemwombea apumzike!"

Wengine walicheka, halafu wakajuta.

Bibi Satenik hakucheka. Alimwambia mkwewe, bila kugeuza uso, "Bibi-arusi, mimi nakwisha. Sitaki kufa kabla sijamlilia mwanangu. Nani atamlilia nikiondoka? Wewe humlilii."

"Nimemkasirikia kila asubuhi, mama," alijibu Noyemzar. "Nikiwasha tanuri namkasirikia. Akiwa maiti, hasira yote ile nilikuwa nikimmwagia nani?"

Padri Hovakim, uso umemwiva kwa haya, aliahidi kwamba Jumapili inayofuata, ile tunayoiita Jumapili Mpya, angekuja kuibariki nyumba yao, na hapo angewataja walio hai wa nyumba kama desturi inavyotaka. Waamue wao hadi siku hiyo Tatevos yuko upande upi.

Wiki ile wanawake wale wawili hawakulizungumza jambo hilo. Waliongea juu ya kuni na kuku. Lakini siku ya Ijumaa Garnik alionekana njiani amevaa koti la sufu la Tatevos, lile lenye kola ya ngozi, akasema Noyemzar amempa, naye hakuuliza kwa nini. Na Jumapili Mpya, mlangoni pa kanisa, Knarik alipouliza kama kawaida, Noyemzar alijibu, "Wawili." Nilikuwa nyuma yake. Knarik alimtazama usoni, akampa viwili.

Tulioalikwa tuliingia nyumbani kwao pamoja na padri. Mezani palikuwa na mkate, chumvi na maji, na bakuli la mayai. Padri aliuliza majina ya watu wa nyumba. Noyemzar alikuwa ameanza kufungua kinywa, lakini Bibi Satenik alitangulia.

"Satenik," alisema mzee, "na bibi-arusi wangu Noyemzar, na mwanangu Tatevos."

Kisha akapeleka mkono bakulini, akapapasa. "Yai la tatu liko wapi?"

"Nilidhani hulitaki tena," alisema Noyemzar. "Mama, wewe ndiwe uliyempeleka makaburini. Nami wiki nzima nimekuwa nikijifunza kumwacha huko. Koti lake nimeligawa."

"Nilimpeleka, ndiyo. Baba yake nilipomtaja kati ya wafu, moyo ulitulia. Kwa huyu haukutulia. Nimekuwa kama mtu aliyefunga mlango, akahisi kuna mtu nje." Akamgeukia Noyemzar. "Koti umempa nani?"

Padri alitutazama sisi, nasi tukatazama chumvi. Mwishowe alisali, akataja majina yote matatu kwa mfululizo mmoja, lile la mwisho kwa sauti iliyofifia, na nisingeweza kuapa ni kwa upande upi alilitaja. Noyemzar alichukua kipande chake cha mkate uliobarikiwa, akakivunja nusu, akaiweka nusu moja mahali ambapo kile cha tatu kilikuwa kikikaa. Alionekana kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya chumbani.

Jumapili iliyofuata upepo wa ziwani ulikuwa mkali, na Garnik alikuja ibadani na shati tu. Nilimuuliza, naye akanijibu kwamba amevuliwa koti na mtu asiyejulikana aliko; Noyemzar alikuja kulichukua.

Baada ya ibada foleni ya mlangoni haikusogea. Noyemzar alikuwa mbele, ameshika kitambaa chake wazi, na Knarik amekwisha kuuliza. Noyemzar alitazama bakuli, akatazama mlimani, akaanza neno, akaliacha.

"Hesabu waliopo tu, dada," Garnik alisema kutoka nyuma, kwa upole. "Sisi wengine tunaganda."

"Ndicho ninachojaribu," alisema Noyemzar.

Knarik hakungoja zaidi. Alichagua mkate mmoja mzima, ambao haujavunjwa bado, akauweka katika kitambaa chake, akakunja ncha zake mwenyewe.

"Mkagawane nyumbani," alisema. "Mimi najuaje mko wangapi?"