Mkono Wangu Kwenye Besi ya Tatu

Nilianza kumwonea kijicho msaidizi wangu siku aliyobomoa kilima changu. Kwenye besiboli mrushaji husimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja, na cha chuo chetu hapa Kakamega nilikijenga kwa mikono yangu, kwa udongo wa kichuguu, ule wanaosiribia sakafu kijijini, ili mvua ya kila alasiri isikile. Yeye alitoka kozi ya makocha Nairobi na futikamba mfukoni, akapima, akasema kimezidi kimo kwa shubiri moja. Kufikia jioni kilikuwa kimelimwa kama shamba la viazi. Wachezaji walimsaidia, tena kwa furaha.

Huyo alikuwa mchezaji wangu. Nilimpokea akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kutoka upande wa Mukumu, asiyejua glovu huvaliwa mkono upi. Goti lilipomharibikia nikampa daftari la kuandika alama asikae bure. Kutoka kwenye daftari akaanza kunisaidia kufundisha warushaji, na alipohitimu chuo kikamwajiri awe msaidizi wangu. Nafasi ya ile kozi ilikuja kwa jina langu. Nilimwachia yeye, wala si kwa wema. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na moja, sasa nani angenikalisha kwenye dawati anieleze mpira? Mpaka hapo cheo cha kocha mkuu hakikuwapo kwenye karatasi yoyote. Mimi nilikuwa kocha tu, na ilitosha. Ofisi ya michezo ilipoamua kukiweka, ikataka cheti. Mwenye cheti alikuwa yeye. Wakamfanya kaimu, nami nikawa msaidizi wake.

Tangu hapo kila kitu chake kiliniudhi. Aliniudhi kwa filimbi yake mpya, kwa mwandiko wake mzuri kwenye ratiba, na zaidi kwa heshima yake. Aliendelea kuniita Mwalimu. Timu ikila pamoja alihakikisha paja la ingokho linafika kwangu kwanza, nami nilikula ile nyama ya kuku kama natafuna karatasi. Wanafunzi wakiita "Kocha!" nilikuwa nageuka, nakuta wanamtazama yeye, najifanya naangalia mawingu. Nyumbani mke wangu alichoka kusikia habari zake. Aliniambia nimemuoa huyo kijana.

Muhula uliofuata chuo kikasema kitatoa barua ya ajira ya kudumu ya kocha mkuu. Niliandika ombi langu kimyakimya, sikumwambia. Halafu tukapangiwa mechi na chuo kimoja cha Kisumu, na mkuu wa chuo akasema atakuja kutazama mwenyewe. Kila mtu alielewa anakuja kumtazama nani.

Tulikuwa nyuma kwa alama moja, zamu yetu ya mwisho ya kupiga, wawili wetu wameshatolewa na wa tatu akitolewa mechi imekwisha, na mkimbiaji wetu amesimama besi ya pili. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya besi ya tatu na kumwonyesha mkimbiaji kwa mkono: asimame hapo au aendelee mpaka nyumbani, kwenye besi ya kufungia alama. Mkimbiaji hawezi kuutazama mpira ulio nyuma yake. Hutazama mkono wa kocha, basi.

Mpigaji akaupiga upande wa kushoto. Mlinzi wa Kisumu aliuokota upesi, na huyo mlinzi alikuwa na mkono wa ajabu wa kurusha, tulikuwa tumeuona tangu asubuhi. Niligeuka nikatazama benchi letu. Kocha wangu, kijana yule, alikuwa ameinua ngumi: msimamishe. Niliiona vizuri kabisa. Nikazungusha mkono, nikampeleka mkimbiaji nyumbani.

Mpira ulimtangulia kwa hatua nyingi, akatolewa. Mechi ikaisha hapo.

Mkuu wa chuo aliingia uwanjani na viatu vyake vya ofisini, akauliza mbele ya wachezaji wote ni nani aliyempeleka yule mkimbiaji. Mimi nilitazama chini. Nilisubiri kocha anitaje, na sitaficha, nilitaka anitaje, ili nimjibu kwamba timu ni yake na lawama ni yake.

"Ni mimi, Mkuu," akasema. "Nilikosea ishara."

Nilidhani kwa kauli hiyo amejimaliza. Usiku ule nililala vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Wiki iliyofuata barua ikatoka, na jina lililokuwa juu yake ni lake. Niliisoma kwenye ubao wa matangazo, kisha nikamfuata stoo, alikokuwa akipangusa matope kwenye glovu, nikamuuliza kwa nini alidanganya.

Hakuacha kupangusa. "Mwalimu, mimi nilikuona. Uliniangalia kwanza, ndio ukamwambia akimbie." Akachukua glovu nyingine. "Lakini si wewe ndio ulinifunza, kocha hasemangi mtu wake mbele ya watu."

Sikumfundisha hivyo hata siku moja. Alipokuwa mchezaji wangu nilimfokea mbele ya uwanja mzima, hata siku mama yake alipokuja kumtazama akicheza, kijana akainama akajifanya anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.