Faili Lililoitwa Mama

Mama mkubwa aliteremka kutoka Kinole kwa bodaboda siku moja baada ya arobaini ya mama, kwa sababu siku yenyewe miguu ilimgomea. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akakataa chai. Alitaka kusikia sauti ya mdogo wake. Alikuwa ameambiwa ipo.

Ilikuwepo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimrekodi mama kwa simu uani kwetu Bigwa, akiimba huku akikwangua mdalasini, akinisema, akikohoa. Rekodi zote nilizihamishia kwenye kompyuta, nikazipanga zicheze kwa mfuatano nilioutaka. Mpango huo nikauhifadhi, nikauita Mama. Baadaye kompyuta ikaingiwa na virusi. Mimi nilikuwa safarini, mdogo wangu wa kike akaipeleka mjini ikafutwe kila kitu na kupigwa windo upya, ile programu inayoiendesha. Kabla ya kuipeleka alilinakili hilo faili kwenye flashi. Si mzembe. Alilifungua kutoka kwenye flashi ileile, mama akaimba, ndipo akaridhika.

Sasa tuliichomeka flashi kwenye subufa. Kimya. Tukaichomeka kwenye kompyuta. Kimya. Nikaangalia mwisho wa jina la faili, zile herufi baada ya nukta ambazo mashine huzisoma ili ijue imeshika kitu gani. Haikuwa mp3. Ilikuwa m3u.

"Si uibadilishe tu iwe mp3?" mdogo wangu akasema.

Nikaibadilisha, nikijua ni sawa na kubandika lebo ya asali kwenye chupa ya maji. Haikutoa sauti yoyote.

Nikamweleza. Faili la m3u halina sauti ndani. Lina majina ya nyimbo na njia ya kuzifuata zilipo. Siku ile alipojaribu, rekodi zenyewe zilikuwa bado hazijafutwa kwenye kompyuta.

"Lakini aliimba," akasema. "Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Ndiyo. Aliimba."

Niliingoja hasira ije. Haikuja. Machozi nayo hayakuja. Nilikuwa mkavu tangu mazikoni, na watu wakanisifu kwa subira, nami sikuwa na subira wala nini. Nilikuwa sihisi kitu.

Mama mkubwa hakuelewa habari za m3u na hakuona haja ya kuzielewa. "Umesema kuna majina," akaniambia. "Nisomee basi, mwanangu."

Nikalifungua faili kama maandishi, nikaanza kusoma. Mama na mdalasini. Mama anawagombeza kuku. Mama anakohoa. Mama anauliza kama nimekula.

"Aliulizaje?"

Nikajaribu kumwigiza. Neno lilitoka, "Umekula?", lakini kwa sauti yangu, na kila nilipolirudia ilikuwa yangu tu.