Kitenge cha Kununua kwa Kiingereza

Leo nimekunjua kitenge kipya, na harufu kali ya rangi imeturudisha sote kwenye siku ile: mimi, mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu mgongoni kwangu, mchukuzi aliyeketi mlangoni, na Mama, Mhindi mwenye duka la Kariakoo nililofagia baada ya kuacha shule. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, na vitenge vilikuwa vimeanza kujaa tena madukani baada ya miaka ya uhaba.

Siku hiyo mdogo wangu alinifuata dukani; kesho yake alikuwa na usaili wa kuzungumza Kiingereza, wa kuingia sekondari. Akifeli, angekuja kufagia nami. Kuandika aliweza, ila akitaka kusema sauti ilimkwama.

Mama akatandaza kitenge. "Leo nauza kwa Kiingereza tu. Haya, nunua."

"Dada, twende nyumbani," mdogo wangu aliniambia.

"Hatuendi," nilimjibu. "Nunua kwanza."

Akauliza bei kwa sauti ya mbu. Mama akataja bei ya ajabu, mchukuzi akaangua kicheko. "Mama, unamlangua mzungu wetu!"

Mdogo wangu akakasirika, akasahau woga. Kwa Kiingereza alisema rangi itachuja, pindo limepinda, na jirani anauza rahisi. Mama alibisha, akapunguza, akabisha tena, mpaka akachoka.

"Kesho kaongee hivyohivyo," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti, unaanza lini tena shule?"

"Huyu wa mgongoni akimaliza shule, Mama. Nakuahidi."

Mdogo wangu alipita. Wa mgongoni naye amemaliza zamani. Mama bado ananidai ahadi ile.